DAWA ILIYOMO KATIKA KOPO LA RANGI

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, mambo mengine makubwa ya nyumbani huanzia kwenye jambo dogo kabisa. Hili la juma hili lilianzia kwenye kitanda cha mtoto. Nilikuwa nimemwagiza fundi mmoja wa Gerezani anitengenezee kitanda cha chuma, chenye fito pande zote nne ili mtoto asianguke, na nikaomba kipakwe rangi ya njano kwa sababu mama yake alitaka njano. Fundi akaniambia nikifuate kesho yake asubuhi. Nilimwuliza kama rangi itakuwa imekauka, maana zilikuwa siku zile za masika ambapo hata kanga hulala kambani siku mbili. Akacheka. "Ndugu yangu," akasema, "rangi hii ina dawa. Saa nne tu, unabeba."

Nikabeba. Kitanda kilikuwa kimekauka barabara, kinang'aa kama ganda la ndizi mbivu, na sote nyumbani tulikisifu. Miezi ikapita, mtoto akaanza kuota meno. Asubuhi moja mke wangu aliniita nikatazame ufito wa juu. Palikuwa na alama za meno mawili, na rangi imebanduka mahali pa ukubwa wa kucha ya kidole gumba, chuma kinachungulia. Tulitafuta kipande kilichobanduka kitandani, sakafuni na chini ya godoro. Hatukukiona. Ndipo mama yule aliponiuliza kwa sauti ya utulivu ambayo waume wote tunaijua: "Baba watoto, ile dawa aliyoisema fundi ni dawa gani?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika katika gazeti habari za pamba, za reli na za bei ya sukari, lakini sikujua kilichopakwa kwenye kitanda cha mwanangu. Basi nilianza kuuliza.

Pilau na viungo vyake

Wa kwanza kumwuliza alikuwa mzee mmoja aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha rangi, kwenye Barabara ya Nyerere, ambayo watu wa umri wake bado huiita Barabara ya Pugu. Alinikaribisha barazani kwake, akaagiza chai, akanieleza kwa subira kama anayemfundisha mtoto wa darasa la nne.

Rangi, alisema, ni mchanganyiko wa vitu vinne. Kipo kile kinacholeta rangi yenyewe, yaani chembe za unga laini mno zilizosagwa. Ipo gundi, ambayo ndiyo inayozishika chembe hizo na kuzing'ang'aniza ukutani au kwenye chuma. Katika rangi ya mafuta gundi hiyo ni mafuta ya mimea, kama ya kitani au soya, yaliyopikwa kiwandani yakawa mazito. Kipo kiyeyusho, ambacho mafundi wetu hukiita thina, kazi yake ni kuilegeza gundi ili ipakike, kisha kinaruka hewani. Mwisho zipo zile ambazo mafundi wa mitaani huziita dawa.

"Chukua pilau," alisema mzee. "Mchele upo, nyama ipo, mafuta yapo. Lakini ukisahau bizari na mdalasini, utawaambia wageni umewapikia nini?" Dawa hizo kwa jumla aghalabu hazifiki sehemu tano katika mia ya kilichomo koponi. Nyingine hutiwa kwa kipimo cha vijiko katika pipa zima. Hata hivyo ndizo zinazoamua kama rangi itapakika au itakuwa matope.

Akanihesabia chache. Chembe za rangi hazipendi kukaa na mafuta. Zikiachwa zenyewe hushikamana mabonge. Hivyo hutiwa dawa ya kuzitawanya, na mojawapo iliyotumika tangu zamani ni lesithini ya soya, ndugu wa kile kilichomo katika kiini cha yai. Ipo dawa ya kuzuia mashapo, ili kopo lililokaa dukani mwaka mzima lisiwe na maji juu na saruji chini. Upo udongo maalumu uitwao bentonaiti, ambao huifanya rangi ilegee inaposukumwa na burashi na kuwa nzito tena inapoachwa. Pasipo huo mlango wako ungelia machozi, ile mistari iteremkayo ambayo kila mmoja wetu ameiona kwenye milango iliyopakwa kwa pupa. Rangi ya maji nayo hutiwa dawa ya kuua povu, kwa sababu povu likikaukia ukutani huacha vitundu kama vya mkate. Tena hutiwa dawa ya kuzuia kuoza. Naam, rangi ya maji huoza. Vijidudu huila, na ukifungua kopo lake unakutana na harufu ya yai viza. Dawa nyingine ya jamaa hiyo hubaki ukutani baada ya rangi kukauka, ili kuzuia ule ukungu mweusi uotao bafuni na nyuma ya kabati, ambao katika mji wa joto na unyevu kama Dar es Salaam ni mpangaji asiyelipa kodi.

Nilimwuliza habari ya wale mafundi wanaoongeza petroli au mafuta ya taa ili rangi iwe nyingi. Mzee alitikisa kichwa tu. Kila kitu kiwandani kimepimwa kwa mizani, alisema, halafu mtu anakuja na chupa ya petroli.

Haikauki kama nguo

Nilichokuwa nakitafuta mimi, hata hivyo, ni ile dawa ya saa nne. Hapa mzee aliweka kikombe chini.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Nguo hukauka maji yakiondoka, basi. Katika rangi ya mafuta, thina huondoka mapema, lakini mafuta yenyewe hayaendi popote. Yanabaki pale pale, yanavuta oksijeni kutoka hewani, na kidogo kidogo yanafungamana, uzi kwa uzi, mpaka yanakuwa ngozi moja ngumu. Mafuta ya kitani yakiachwa yenyewe huhitaji siku kadhaa. Hakuna fundi wa Gerezani awezaye kungoja siku hizo zote, wala mwenye kiwanda, wala mimi niliyekuwa nataka kitanda kesho yake.

Kwa hiyo hutiwa dawa ya kukausha. Dawa hii ni madini yaliyounganishwa na asidi za mafuta, yakawa aina ya sabuni iyeyukayo ndani ya mafuta. Madini hayo hayaliwi na kazi yenyewe. Yanaihimiza tu, kama mnyapara. Kobalti ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na inatosha kidogo sana. Lakini kobalti ina tabia ya kufanya kazi juu juu. Hukausha uso wa rangi upesi, huku chini kukiwa bado kubichi. Uso ukivutika, rangi hukunjamana kama ngozi ya embe lililokauka. Ndiyo maana panahitajika madini ya pili, yatakayokausha kina.

Kwa muda mrefu sana, katika nchi zote zilizotengeneza rangi, madini hayo ya pili yalikuwa risasi.

Risasi hii ndiyo ile ile ya betri za magari na ya timazi za nyavu za wavuvi. Ilikuwa rahisi kupatikana, haikubadilisha weupe wa rangi, na ilikausha kwa kina hata hewa ikiwa na unyevu. Kwa mtengenezaji ilikuwa dawa isiyo na kasoro. Leo kazi hiyo inafanywa na zirkoni ikisaidiwa na kalsi, na rangi nzuri isiyo na risasi hata kidogo yaweza kutengenezwa na inatengenezwa. (Kobalti yenyewe sasa inatazamwa huko Ulaya kwa jicho la wasiwasi, na watengenezaji wanatafuta badala yake. Mwendo ni huo huo.) Lakini kiwanda kisichobadili mapishi yake, au kinachonunua dawa ya bei nafuu, chaweza kuendelea na ya zamani, na mnunuzi hana macho ya kuiona.

Kabla sijaondoka mzee alinichekesha kwa jambo moja. Ndani ya kopo hilo hilo lenye dawa ya kukausha hutiwa dawa nyingine ya kuzuia kukauka. Isingalikuwepo, kopo lingeota utando juu, kama maziwa yaliyopoa, kabla halijafika Mtaa wa Msimbazi. Dawa hiyo humfunga mnyapara mikono maadam kopo limefungwa. Rangi ikishapakwa, inaruka hewani na mnyapara anaanza kazi. "Wake wenza wawili katika chumba kimoja," alisema mzee, "na wanaelewana."

Kisha akaniambia: "Ukitaka kujua nguvu ya dawa za rangi, usitazame nyumba. Nyumba inanyeshewa mara mojamoja. Nenda Feri, katazame kitu kinachoishi majini."

Kushuka Feri

Nilishuka Feri siku ya pili yake, mnada wa samaki umepungua na wanunuzi wa ndoo wanarudi mjini. Pantoni lilikuwa linavuka kwenda Kigamboni limejaa watu na pikipiki. Pembeni, mbali kidogo na makelele, palikuwa na mashua imepandishwa mchangani, na mzee mmoja fundi wa vyombo ameketi kivulini mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutaka samaki au kutaka maneno?"

Nilimwambia ukweli. Akanionyesha chini ya mashua ile, palipokwanguliwa. Chombo cha mbao, alisema, kina maadui wawili: wa kwanza ni maji yapitayo baina ya mbao, na huyo huzuiwa kwa kukalafati, yaani kushindilia pamba iliyotiwa mafuta. Wa pili ni mdudu wa baharini atoboaye mbao, pamoja na mwani na vile viumbe vyenye magamba makali vinavyojibandika mpaka chombo kinakuwa kizito kama gunia la mawe. Huyo wa pili wazee walimpinga kwa deheni.

Wasomaji waliozaliwa bara huenda hawajalisikia neno hili. Deheni ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu ya wanyama, uliopondwa pamoja na kupakwa chini ya chombo, sehemu ikaayo majini. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake humtangulia mwenye chombo kufika nyumbani. Ukiyapima kwa mizani ya yule mzee wa kiwandani, deheni ni rangi kamili: shahamu ndiyo gundi na chokaa ndiyo unga, na chokaa hiyo hiyo ndiyo dawa, kwa sababu mdudu haipendi. Nayo haikudumu, kila baada ya muda chombo kilipandishwa, kikapitishiwa moto, kikapakwa upya.

Pwani yetu haikuishia kupaka vyombo vyake tu. Kabla Dar es Salaam haijawa mji, watu wa Mrima walikuwa wakichimba sandarusi katika ardhi ya Uzaramo na mahali pengine nyuma ya pwani. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, uliokaa udongoni miaka mingi mno hata ukawa mgumu kama jiwe la kahawia, wenye uso wa vipele vidogo. Katika karne ya 19 ilipelekwa Unguja, na kutoka Unguja ikasafirishwa hadi Bombay, Ulaya na hasa mji wa Salem huko Marekani, ambao wafanyabiashara wake ndio waliokuwa wakinufaika na mkataba uliofanywa baina ya Marekani na Sayyid Said mwaka 1833. Huko iliyeyushwa kwa moto mkali pamoja na mafuta ya kitani ikawa vanishi ya magari ya farasi na ya samani za matajiri. Mafuta peke yake hutoa ngozi laini. Sandarusi ndiyo iliyoipa ugumu na mng'ao. Ile ambayo haijakomaa, iliyotoka mtini karibuni, wachimbaji waliiita chakazi, nao wazungu, kwa kushindwa kulitamka, wakaigeuza "jackass", yaani punda. Babu zetu walichimba dawa ya rangi za watu wengine kwa jembe, na jina lililobaki katika vitabu vya biashara ni la punda.

Lakini turudi majini. Meli za chuma haziwezi kupakwa deheni. Chini yake hupakwa rangi yenye sumu iliyokusudiwa: dawa ambayo hutoka kidogo kidogo ndani ya rangi na kumfukuza kila anayetaka kujibandika. Faida yake si ndogo, kwa sababu meli iliyoota mwani hula mafuta zaidi kwa safari ile ile. Tangu miaka ya 1960 dawa iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa kampaundi ya bati iitwayo tributiltini. Ilifanya kazi ajabu. Kisha katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza wakaanza kuona makombe ya chaza wao yananenepa na kupotoka, na vizazi vyao vinakufa. Mahali pengine konokono wa baharini walio wa kike wakaota viungo vya kiume, wakashindwa kuzaa. Sumu haikubaki kwenye meli. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Shirika la Kimataifa la Bahari likapitisha mkataba wa kuikataza kwenye meli zote mwaka 2001, nao ukaanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Siku hizi dawa kubwa ni oksaidi ya shaba, ambayo ndiyo inayozipa meli nyingi ule wekundu wa chini. Shaba nayo si maziwa, na kwangulio la rangi ya chombo si kitu cha kuachiwa mawimbi mahali ambapo watu huvua.

Yule mzee wa vyombo alisikiliza habari ya konokono kwa makini. "Basi," akasema, "dawa ikiwa kali sana, haikumbuki imetumwa kwa nani."

Nilirudi Kariakoo kwa miguu nikiufikiria ufito wa kitanda.

Varanda za Queensland

Madhara ya risasi kwa watoto si habari ya jana. Mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wa jimbo la Queensland, Australia, waliona watoto wengi wenye ugonjwa wa risasi na hawakujua inatoka wapi. Mwaka 1904 daktari mmoja wa macho wa Brisbane, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba inatoka kwenye fito na kuta za varanda zilizopakwa rangi. Nchi ile ni ya jua kali kama yetu. Jua huila gundi ya rangi mpaka uso wake unakuwa unga, ule unga unaokupaka shati ukiegemea ukuta wa zamani. Watoto walicheza varandani, wakashika fito, wakatia vidole mdomoni. Hakuna aliyekula kopo la rangi. Vidole vilitosha. Mwaka 1922 Queensland ikaweka sheria ya kuzuia rangi ya risasi mahali ambapo watoto huweza kufika.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1921, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha Mkataba wake wa 13 kuhusu risasi nyeupe katika rangi za ndani ya majengo, kwa ajili ya kumlinda mpakaji mwenyewe. Zaidi ya miaka 100 imepita. Marekani, nchi tajiri, ilingoja mpaka 1978 ndipo ikabana rangi ya risasi majumbani, na mwaka 2009 ikashusha kikomo hadi sehemu 90 katika milioni moja za rangi iliyokauka. Kikomo hicho ndicho Umoja wa Mataifa unachozishauri nchi zote kukiweka katika sheria.

Tufanye hesabu kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu maneno "sehemu 90 katika milioni" hayamtishi mtu. Mapishi ya zamani yalitia risasi kama nusu gramu katika gramu mia za gundi, yaani sehemu 5,000 katika milioni. Tuseme gundi ni nusu tu ya rangi iliyokauka, zinabaki 2,500. Hizo ni zaidi ya mara 27 ya kikomo, na hiyo ni dawa ya kukausha peke yake. Sijaitaja bado rangi ya njano. Njano iliyokoza, ile ya bei nafuu isiyopauka juani, mara nyingi imetokana na chembe za kromati ya risasi, na hapo si suala la viungo tena bali mchele wenyewe ni risasi. Shirika la AGENDA la hapa Dar es Salaam limechunguza zaidi ya mara moja rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa katika maduka yetu, na risasi imeonekana ndani yake. Za njano ndizo zilizoongoza. Rangi za maji za kuta hazina tatizo hilo kwa kiasi hicho, kwa kuwa hazihitaji mnyapara wa kuzikausha.

Mtoto mdogo anapomeza risasi, mwili wake huinyonya mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Hukaa mifupani, hupunguza damu, na hugusa ubongo unaojengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyeathirika kidogo halii wala hapati homa. Anakuja kuonekana mzito darasani miaka mingi baadaye, na mwalimu anasema hana bidii.

Tuliwahi kuwa na dawa nyingine ya risasi katika maisha yetu: ile iliyotiwa ndani ya petroli ili injini isigonge. Iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiacha, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Magari bado yanakwenda.

Nilimpeleka mtoto hospitali. Daktari alikuwa mwema, akamtazama macho na ulimi, akampima wingi wa damu akasema si mbaya. Kipimo cha risasi yenyewe ndani ya damu, aliniambia, hakifanywi pale. Hivyo sijui, wala mama yake hajui.

Kisha nilikirudisha kitanda Gerezani. Sikwenda kugombana. Yule fundi huvuta vumbi la rangi toka asubuhi mpaka magharibi, na jioni hurudi nayo nyumbani katika nguo zake, ambako ana watoto watatu. Nilimwomba anionyeshe kopo la ile rangi ya njano. Hakuwa na kopo. Rangi hununua kwa kupimiwa, akanionyesha: chupa ya maji ya kunywa, kifuniko kimepakaa njano, bila jina la mtengenezaji wala alama yoyote. Aliyemwuzia naye alikuwa ameichota kutoka kwenye pipa.

Nikamwambia nataka rangi yote itoke. Kupaka nyingine juu yake hakufai kitu kwa mtoto mwenye meno. Akawasha mashine ya kusugulia, nikamshika mkono. Ikisuguliwa kavu inakuwa vumbi la kuvutwa na wote tuliokuwa pale. Ikichomwa kwa moto inakuwa moshi. Nilimwomba atumie msasa wa maji, kitambaa kilichotandikwa chini, na makapi yote yatiwe katika mfuko na kufungwa, yasifagiwe barabarani. Nilimwambia pia habari ya nguo zake za kazi, kwamba zifuliwe peke yake na zisikalishwe kitandani kwa watoto. Kijana wake wa kazi alicheka. "Chuma na maji, mzee? Kitaota kutu kabla hatujamaliza."

"Kiote," akajibu fundi. "Tutapaka oksaidi nyekundu." Ambayo, yule mzee wa Barabara ya Nyerere alikuwa ameshaniambia, yenyewe ni kutu iliyosagwa ikatiwa gundi.

Rangi ya juu nilikwenda kuinunua mwenyewe, dukani Kariakoo, kopo lililofungwa kiwandani. Nilimwuliza mwuzaji kwa maneno yaliyo wazi: lina alama ya TBS? Limeandikwa kwamba halina risasi? Kwa la kwanza alinionyesha mara moja. Kwa la pili alilizungusha kopo mkononi, akavaa miwani, akalizungusha tena, akanirudishia na kuniletea jingine, kisha la tatu. Lile la tatu lilikuwa na maandishi. Lilikuwa ghali kuliko chupa ya fundi kwa zaidi ya mara mbili, na lilikuwa jeupe. Njano yenye maandishi hayo hakuwa nayo siku ile. Nyuma yangu palikuwa na mama mmoja aliyekuja kununua rangi ya dirisha. Alisikia mazungumzo yote, naye akaomba avalie miwani ile ile asome kopo lake.

Nilipolifikisha Gerezani fundi alilisoma, akaangalia mawingu, akaniambia kweli yake: rangi hii si ya saa nne. Hali ya hewa ikiwa hivi nije kesho kutwa, pengine mtondo.

Leo ni siku ya pili. Mtoto analala katikati yetu, na anapiga mateke.